UZI: Nataka mtu wa nje asome alama zangu za S3, asiishie kwenye faili

Mwalimu_wa_Ngeli
Walimu wenzangu, wazazi, na nyote mnaopita hapa, salaam.

Nafundisha Kiswahili na Historia katika shule moja ya serikali huku West Nile, Uganda, nusu saa kwa bodaboda kutoka Arua mjini. S3 yangu (kidato cha tatu) ina wanafunzi 94 ndani ya chumba kilichojengwa kwa ajili ya 50. Wiki iliyopita tulipata wageni wawili wa ukaguzi. Walifika saa nne asubuhi, saa saba wakawa wameshakunywa chai na kuondoka. Waliomba azimio la kazi, maandalio ya masomo, rejista ya mahudhurio na daftari la alama. Nikawapa vyote, maana vyote ninavyo. Walihesabu kurasa, wakagonga muhuri, wakanisifu mbele ya mkuu wa shule kwa usafi wa kazi.

Hawakufungua daftari hata moja la mwanafunzi.

Kwa wasiofuatilia mambo ya sekondari: mtaala mpya wa sekondari ya chini, ule ulioanza na S1 wa Februari 2020, umeigawa sehemu mbili alama ya UCE, cheti cha mwisho wa S4. Asilimia 80 inatoka kwenye mtihani wa UNEB, baraza letu la mitihani, mwisho wa S4. Asilimia 20 inatoka kwetu darasani. Mwisho wa mada mwanafunzi anafanya AOI, kazi ya kuonyesha kwamba alichojifunza anaweza kukitumia kwenye jambo la maisha, na kuna projekti pia. AOI naipa alama kati ya 0 na 3. Wastani unaingizwa kwenye mfumo wa UNEB na safari yake imekwisha. Mimi ndiye niliyefundisha, mimi niliyetunga kazi, mimi niliyesahihisha, mimi niliyeandika alama.

Sasa sikilizeni. Mada ya mawasiliano ya umma niliwapa kazi hii: soko limejaa takataka, kipindupindu kinanyemelea, andika tangazo litakalosomwa redioni kuwaomba wachuuzi wasafishe. Binti mmoja, mtulivu sana, akaandika tangazo ambalo nikilisoma naiona ile mitaro kabisa. Lakini ngeli zimemshinda. “Nyinyi watu ya soko, takataka inajaa kwa mutaro na nyinyi munauza samaki juu yake.” Nilimpa 1.3.

Shule jirani, ambayo siitaji, mwalimu mwenzangu aliniambia darasa lake zima liko kati ya 2.7 na 3. Watoto wote. DOS wetu, mkuu wa taaluma, kasikia, akaniita ofisini na kuniambia nisiwaangushe watoto wa watu.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukiigeuza 1.3 kuwa alama juu ya 20 unapata kama 8.7. Ukiigeuza 2.9 unapata 19.3. Binti yangu kaachwa alama zaidi ya 10 kabla ya kushika kalamu ya UNEB, na hakuna mtu yeyote nje ya shule yangu aliyewahi kusoma sentensi yake moja.

Ninachoomba ni hiki: nikaguliwe. Aje mtu achague madaftari kumi yeye mwenyewe, asome, aniambie kama 1.3 yangu ni 1.3 kweli. Je, nyie kwenu kuna mtu anayefanya hivyo?

Mama_Salma
Asalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mzazi, niko Bombo. Nina mtoto S3 na mwingine S2.

Ripoti ya muhula imekuja imejaa 2.6, 2.8, 2.9. Nikafurahi, nikawapigia simu wajomba zake. Jioni nikamwambia anisomee ukurasa mmoja wa kitabu cha Jiografia na anieleze. Alisoma, kueleza akashindwa. Nikamuuliza hii 2.8 uliipataje? Akasema tulifanya kwa kundi, tulikuwa kumi na wawili, aliandika mmoja.

Zamani tulikuwa na D1 ya juu kabisa mpaka F9 ya kufeli. Mtoto akileta P8 unajua leo kuna kazi. Siyapendi mambo ya kumpiga mtoto na mtihani mmoja, nakubali mtaala mpya una nia njema. Ila mimi mzazi hiyo 2.8 naishika wapi? Nani anathibitisha?

Sanaa_Kasese
Mwalimu wa Ngeli, kwa heshima yote, unajitafutia mzigo na unatutafutia na sisi.

Nafundisha Fasihi na CRE, somo la dini ya Kikristo. Tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, mimi wa sanaa niko kwenye milioni moja na senti zake. Madarasa ni yale yale na saa ni zile zile. Juni 2025 tuligoma nchi nzima. Unataka sasa aje mtu wa nje kunisomea madaftari na kuniambia nimekosea nusu alama? Amelipwa posho ya usiku mbili, mimi nimesahihisha AOI za watoto 210 kwa tochi ya simu.

Ukaguzi ninaoujua mimi ni wa kuwinda makosa. Mtu anaingia darasani bila salamu, anakaa nyuma, anaandika, anaondoka. Barua inakuja baada ya miezi. Hujawahi kuona barua inayosema mwalimu huyu aongezewe vitabu.

Kivuko_Busia
Sanaa_Kasese ana hoja kwenye mshahara na simpingi. Lakini mambo haya mawili yasifungwe kamba moja.

Mimi nimefundisha pande zote mbili za mpaka. Kule Kenya, miaka mingi kabla ya mtaala wao mpya, KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, ilikuwa na projekti kwenye masomo kama Kilimo na Kompyuta. Maelekezo yanatoka KNEC, baraza lao la mitihani, mtoto analima kitalu chake shuleni, mwalimu anatoa alama kwa hatua: kuandaa shamba, kupanda, kupalilia, kuvuna. Alama zinapelekwa KNEC. Uzuri wake ni kwamba kitalu kipo! Mtu akija, mahindi hayadanganyi. Ukimpa mtoto alama za palizi na shamba limejaa magugu, unaonekana na jua la saa sita.

Siku hizi wamekwenda mbali zaidi. Ile tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA, asilimia 60 ilitengwa kwa kazi za shuleni na 40 kwa mtihani wenyewe. Manung'uniko yakawa haya haya tunayoyasema hapa: alama za walimu zinapanda kama unga wa ngano ulioumuka.

Kwetu AOI nyingi ni maneno kwenye karatasi, na karatasi muhula ukiisha inafungia chapati. Kabla ya kuuliza nani atakagua, tuulize kama hiyo kazi bado ipo ya kukaguliwa.

Mwalimu_wa_Ngeli
Kivuko, umegusa penyewe. Madaftari ya S3 ya mwaka jana sina. Alama ninazo zote, kazi zilizozaa alama hizo sina. Mtu akija leo kuniuliza kwa nini fulani alipata 2.1 nitamwonyesha namba, na namba haijitetei.

Mama Salma, lile la kundi la watu kumi na wawili ni kweli linatokea. Darasa la watoto 94, vitabu vya mtaala mpya tunavyo vichache, unaweka makundi kwa sababu huna njia nyingine. Kosa si kundi lenyewe. Kosa ni kumpa kila mmoja alama ya mwandishi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo muhula wa kwanza, na nimeacha.

Mstaafu_Masindi
Vijana, nimesoma kimya nikaona nami niseme. Nilikuwa mwalimu, kisha mkaguzi kwa miaka mingi, sasa nalima.

Kwanza tuweke wazi nani ni nani, kwa sababu watu wanachanganya. Shule za sekondari zinakaguliwa na Kurugenzi ya Viwango vya Elimu, DES, chini ya wizara. Mkaguzi wa wilaya kazi yake hasa ni shule za msingi. NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, ndio waliotunga mtaala. UNEB wanatahini na ndio wanaopokea hizo alama zenu. Mwalimu wa Ngeli, wale waliokunywa chai kwenu walitumwa kuangalia kama shule inaendeshwa: walimu wapo, vyoo vipo, maandalio yapo, muda wa masomo unafuatwa. Fomu yao ndivyo inavyouliza. Haina mahali pa kuandika “1.3 hii ni ya haki.” Hata wangetaka, mmoja angekuwa mtu wa Kemia na Kiswahili chake ni cha sokoni. Atasomaje ngeli?

Kwa hiyo unachokitaka wewe si ukaguzi wa shule. Ni usawazishaji wa alama. Ni kazi nyingine, na inataka watu wengine: walimu wa somo lile lile.

Na msidhani ni kitu kigeni kwetu. Kila mmoja wenu aliyepita chuo cha ualimu chini ya Chuo Kikuu cha Kyambogo anakumbuka mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi wako anakuja mara kadhaa, anakupa alama. Halafu siku za mwisho chuo kizima tumbo joto: anakuja msawazishaji kutoka nje. Hakuja kwa ajili yako wewe. Amekuja kumpima mkufunzi wako, kama alama zake ni za kweli au ni za urafiki. Anachagua wachache: wa juu, wa kati, wa chini. Anakaa darasani anaona kwa macho yake. Nimewahi kuona msawazishaji akishusha alama za kundi zima kwa sababu wale watatu aliowaona hawakulingana na karatasi. Nimewahi pia kuona akipandisha, na mkufunzi mkali akaaibika.

Mimi ni wa umri ambao baba zetu walisahihishiwa Cambridge. Karatasi zinapanda meli, zinarudi majina tu. Baadaye, 1967, tukawa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki pamoja na Kenya na Tanzania, na 1983 tukapata UNEB yetu. Safari yote hiyo ilikuwa ya kuuleta usahihishaji nyumbani. Sasa umefika mpaka kwenye meza ya mwalimu mwenyewe, na hilo ni jambo kubwa. Tusiliharibu kwa uongo.

Zao_la_2024
Mimi ni mwanafunzi, sijui kama naruhusiwa kuchangia. Nilikuwa kwenye lile kundi la kwanza la mtaala mpya. Tuliingia S1 Februari 2020, Machi shule zikafungwa kwa korona. Tumefanya UCE mwishoni mwa 2024.

Kwa kweli hatukuwa tunajua alama zetu za darasani ni ngapi. Tuliitwa S4 muhula wa tatu tuje kusaini majina yetu. Kuna rafiki zangu walifanya projekti ya sabuni ya maji kwa mwaka mzima, walipika kweli na kuuza kwa majirani. Na kuna waliosema wameifanya, wakaandika ripoti usiku mmoja. Mwisho wa siku hatukuona tofauti. Walioungua mikono ndio walioumia moyo.

Matokeo yalipotoka hatukupewa madaraja kama ya kaka zetu, tulipewa herufi A mpaka E kwa kila somo. Kwenye karatasi huwezi kujua kiasi gani kilitoka darasani.

Mstaafu_Masindi
Mjukuu wangu, umeruhusiwa kuliko sisi sote.

Njia_ya_Entebbe
Nafundisha katika shule ya kimataifa hapa Kampala, mfumo wa kimataifa wa IB. Nieleze tunavyofanyiwa sisi, kwa sababu ndicho hasa mleta uzi anachokiota.

Kila somo lina kazi ya ndani. Mwanafunzi wa Baiolojia, kwa mfano, anafanya uchunguzi wake mwenyewe na kuuandika. Mwalimu anasahihisha kazi zote za darasa lake kwa vigezo vilivyoandikwa. Alama zote zinaingizwa kwenye mfumo. Baada ya hapo mfumo unachagua baadhi ya wanafunzi. Mwalimu hachagui. Tunapakia kazi zao kamili, na mtu ambaye hatumjui wala yeye hatujui, anaweza kuwa nchi yoyote, anazisoma upya.

Akikuta alama zangu na zake zinakaribiana, zangu zinabaki kama zilivyo. Akikuta mimi ni mpole kupita kiasi, alama za darasa langu zote zinashuka, hata za wale ambao kazi zao hazikusomwa. Nikiwa mkali mno, zinapanda. Uingereza nao kwenye masomo yenye kazi za ndani wanafanya karibu hivyo hivyo.

Nisiwafiche, mara ya kwanza zilipotushukia nililia. Niliona kama nimeambiwa mwongo. Lakini yalikuja na maelezo: kigezo hiki unakisoma hivi, wenzako wanakisoma vile. Mwaka uliofuata hatukupishana. Hayo maelezo yananifaa kuliko semina zote nilizokaa.

Sanaa_Kasese
Njia ya Entebbe, darasa lako lina watoto wangapi?

Njia_ya_Entebbe
14. Najua unapoelekea na uko sahihi. Sisemi mchukue kila kitu.

Sanaa_Kasese
Ndiyo ninachosema. Watoto 14, intaneti siku nzima, mashine ya kupakia. Mimi kupakia kurasa 30 kwa simu yangu ni data ya wiki nzima. Uganda ina vituo vya UCE zaidi ya 3,000. Nani atasoma?

Na kuna jambo lingine ambalo hamjaligusa. Tulipogoma Juni, AOI za wiki zile nani alizifanyisha? Masomo ya sanaa yalisimama. Lakini alama za muhula ule zilihitajika. Mahali fulani alama ziliandikwa na mtu ambaye hakuingia darasani. Naongea ninachokijua. Nilirudi nikakuta daftari langu la alama limejazwa kwa mwandiko usio wangu. Watoto wangu, somo langu, na jina langu chini. Sikulala nyumbani siku hiyo bila kugombana na mtu.

Kwa hiyo msinione napinga ukweli. Napinga mzigo wa ukweli kuwekwa kwangu peke yangu.

Mama_Salma
Mwalimu Sanaa, pole sana. Hilo la mwandiko limeniuma. Kama mzazi nisingejua kamwe.

Hesabu_Jinja
Nifupishe. UNEB wana silaha moja ambayo haihitaji gari wala posho. Wana alama ya darasani ya kila mtoto na wana alama yake ya mtihani. Kituo ambacho watoto wake wote wana 2.9 darasani halafu kwenye mtihani wamelala chini, kinajitaja chenyewe. Vivyo hivyo kituo cha alama ndogo darasani na mtihani mzuri. Ukivipanga vituo kwa tofauti hiyo unapata orodha ya pa kwenda kwanza. Hutembelei 3,000, unaanza na vile vinavyopiga kelele.

Kivuko_Busia
Hesabu_Jinja, hiyo ni nzuri ya kujua pa kwenda, lakini isiwe hukumu. Mtoto anaweza kuwa hodari wa projekti na dhaifu wa mtihani wa saa mbili na nusu. Ndiyo sababu hii asilimia 20 iliwekwa. Ukiirekebisha ifanane na mtihani, umeifuta. Unabaki na mtihani wa asilimia 100 uliovaa kanzu mbili.

Hesabu_Jinja
Nakubali. Orodha ya safari, isiwe ya hukumu.

Njia_ya_Entebbe
Niongeze tahadhari moja kutoka Uingereza. Mwaka 2012 kwenye GCSE (mtihani wao wa sekondari) ya Kiingereza sehemu kubwa ya alama ilikuwa ya kazi zinazosahihishwa shuleni. Shule zilikuwa zinapimwa kwa idadi ya watoto wanaopata C. Ikaonekana alama nyingi za walimu zimerundikana juu kidogo tu ya mstari wa C. Mipaka ya madaraja ikapandishwa kati ya Januari na Juni, na watoto waliofanya kazi ya kiwango kile kile wakapata madaraja tofauti kwa sababu ya mwezi. Shule na halmashauri zikaenda mahakamani, zikashindwa. Walioumia ni watoto, na wengi wao walimu wao hawakuwa waongo. Walikuwa wamebanwa.

Kwa hiyo usawazishaji ukija baada ya alama kutumwa, unachelewa. Uje mapema, mtoto akiwa bado S3.

Mwalimu_wa_Ngeli
Kubanwa. Hilo neno nililitafuta nikiandika post ya kwanza sikulipata.

DOS wangu si mtu mbaya. Anapigiwa simu na wazazi, anaona mabango ya shule zingine barabarani na picha za watoto wenye A. Akiniambia “usiwaangushe” anaamini anawatetea. Na mimi nikiwa na karatasi ya mtu wa nje inayosema “alama za mwalimu huyu ziko sawa” ningekuwa na ngao. Leo sina. Nina msimamo tu, na msimamo ukiitwa ofisini mara ya tatu unaanza kuyumba. Ijumaa nilikaribia kuibadilisha ile 1.3 kuwa 2.3. Kalamu ilikuwa mkononi. Sikujua tena kama naibadilisha kwa sababu ya DOS au kwa sababu nilikosea tangu mwanzo. Hiyo ndiyo hali ninayotaka itoke kwangu.

Mzee Mstaafu, umesema inataka walimu wa somo lile lile. Je, tukianza wenyewe?

Mstaafu_Masindi
Anzeni. Nani amewazuia? Wale mnaokwenda kambini kusahihisha UNEB mnajua utaratibu. Hamkabidhiwi bahasha mkaanza. Mnakaa, mnausoma mwongozo, mnasahihisha karatasi chache pamoja, mnabishana mpaka mkubaliane. Halafu kiongozi wa timu anachukua zako anazipitia. Mbona mkirudi shuleni mnasahihisha kila mtu na mlango wake umefungwa?

Ila nawapa masharti ya mtu aliyekagua maisha yake yote. Mwenye daftari asichague daftari. Majina yafunikwe. Alama ya kwanza isionekane, kwa sababu ukiiona 2.8 jicho lako litatafuta sababu ya 2.8. Na mkishapishana, andikeni mlichopishana. Msigawane katikati ili muende nyumbani.

Sanaa_Kasese
Mzee, hapo mimi nipo. Mwalimu mwenzangu akinisomea nami nikamsomea, hiyo si kuwindwa. Wa Fasihi tuko watatu tu Kasese mjini tunaojuana. Nitawatafuta.

Mwalimu_wa_Ngeli
Narudi na habari. Siku kumi zimepita.

Nilimpigia yule mwenzangu wa shule jirani, wa 2.7 mpaka 3. Nilidhani atakasirika. Alinyamaza kidogo kisha akasema, “Njoo Jumamosi, mimi mwenyewe nimechoka.” Tukakutana kwenye ukumbi wa kanisa karibu na soko, yeye, mimi, na mwalimu wa tatu kutoka njia ya Koboko ambaye ni Mnubi, Kiswahili alikinyonya na maziwa. Kila mmoja alileta madaftari 30, tukafunika majina kwa vipande vya kalenda, mwenzako anachomoa kumi bila kutazama. Alama tuliziandika kwenye karatasi pembeni.

Kwanza kuhusu yeye. Kati ya madaftari yake kumi, sisi wawili tuliona matatu ndiyo yanastahili 2.5 kwenda juu. Mengine yalikuwa kati ya 1.2 na 2. Moja lilikuwa tupu kabisa, lina alama ya 2.8. Hakujitetea. Alisema aliambiwa namba za kuandika kabla ya kazi kufanyika. Tukaacha hapo, tukaendelea.

Kisha zangu. Na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Daftari la yule binti lilichomolewa. Jina limefunikwa lakini mwandiko naujua. Mwenzangu alimpa 2.3. Yule wa njia ya Koboko akampa 2.5. Nikauliza jamani, “watu ya soko”? “Munauza”? Yule Mnubi akanitazama akasema: “Mwalimu, kazi uliyowapa ilikuwa nini? Ulisema waandike tangazo la redio wachuuzi wasafishe soko. Mimi mama yangu anauza samaki pale. Angelisikia tangazo hili angechukua fagio. Ulipima tangazo au ulipima ngeli?”

Nilikwenda kwenye vigezo vyangu nilivyovibandika ukutani darasani. Kigezo cha kwanza, ujumbe unamfikia mlengwa. Cha pili, mpangilio. Cha tatu, lugha sahihi. Vitatu sawa. Mimi nilikuwa nimekipa cha tatu uzito wa vyote. Na si kwake tu. Katika madaftari yangu kumi, saba waliona nimeminya. Nilikuja Jumamosi ile nikiwa na hakika kwamba mwenye alama za uongo ni mwenzangu. Zake zilikuwa juu kuliko kazi, zangu zilikuwa chini kuliko kazi, na watoto wa shule zote mbili wanaingia kwenye mfumo mmoja.

Nimewarudia S3 nzima, mada ile yote. Nimemaliza 61. Nikimaliza nitampelekea DOS karatasi yenye sahihi zetu tatu, nimweleze zilizopanda zimepanda kwa sababu gani, na kuna nne zilizoshuka, asiniombe kuzirudisha.

Mama_Salma
Mwalimu, Mungu akupe nguvu. Nimempelekea mkuu wa shule ya mwanangu uzi huu wote. Nimemuomba kitu kimoja tu: kazi za watoto zisitupwe mpaka matokeo yatoke. Ameniambia atatafuta kabati.

Zao_la_2024
Yule dada wa tangazo anajua?

Mwalimu_wa_Ngeli
Anajua. Jumatatu nilimwita nikamrudishia daftari, nikamwambia nilimsahihisha vibaya. Aliniuliza kama anaweza kurekebisha zile ngeli sasa. Nikamwambia rekebisha, lakini sentensi ya samaki usiiguse.

Hatujakubaliana bado juu ya daftari moja, la kijana aliyeandika Kiswahili safi mno na hakutaja soko hata mara moja. Mimi 1.9, wenzangu 0.9. Tunalipeleka Jumamosi ijayo, saa tatu, ukumbi ule ule. Walimu wa Kiswahili mlio karibu na Arua karibuni, mje na madaftari 30 na kalenda ya zamani.